Bodo kwa Mara ya Kwanza: Binamu Wawili na Wimbo Mmoja

Matatu za Lunga Lunga hupakia Likoni, ng'ambo ya feri, na haziondoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Ukunda na Diani nilikuwa nazijua kama wanavyozijua wengi wetu wa Mombasa: tunakwenda Jumapili, tunaoga, tunarudi na mchanga viatuni. Kusini ya hapo sikuwahi kushuka. Safari hii nilikuwa nawafuata vijana wawili wa Bodo, mtu na binamu yake, ambao wimbo wao niliusikia kwenye simu ya fundi cherehani wangu. Haukuwa umetoka redioni. Ulikuwa unazunguka tu kwa WhatsApp, mtu akimrushia mwenziwe, na kilichonisimamisha ni kwamba ulikuwa na vina, tena vya kati na vya mwisho. Siku hizi ukisikia wimbo wa vijana wenye vina vya kati unauliza umetoka wapi.

Ukishaipita Ukunda barabara inapoa. Gazi inapita na mikoko yake, Msambweni na hospitali yake, kisha minazi inaanza kuchanganyika na miwa. Usiposhuka, gari litakufikisha Lunga Lunga, uvuke Horohoro, uingie Tanga. Huko Tanga ndiko walikotoka Wilson Peter Kinyonga na nduguye George. Walianzia Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Mombasa na kuunda bendi ya Simba Wanyika. Laiti wangekuja moja kwa moja kutoka kwao, wangepita barabara hii hii. Mwaka 1978 wapigaji kadhaa waliwahama, wakaunda Les Wanyika, nao wakavuma. Lakini Simba Wanyika yenyewe iliendelea mpaka miaka ya 90, George akafariki 1992 na Wilson 1995. Watu husema ni damu iliyowashika. Mimi siamini sana habari ya damu. Ndugu wangapi wa tumbo moja hawawezi kuendesha hata duka?

Nilishuka njia panda ya Bodo, nikamkuta kijana wa bodaboda.

"Funzi, kaka?"

"Bodo."

"Bodo ndiko kwenye mashua za Funzi."

"Nakwenda Bodo yenyewe."

Akanitazama. "Bodo kuna nini?"

Swali lake si baya. Wageni wanaoshuka pale wengi wanakwenda kisiwani Funzi au kutazama mamba wa Mto Ramisi, na kijiji kwao ni mahali pa kuvulia viatu. Mimi nilipelekwa moja kwa moja pwani, chini ya kibanda cha makuti, madau yamelala ubavu kwenye matope na nyavu zimeanikwa. Maji yalikuwa yamepwa. Mkondo unaopita kati ya mikoko ulikuwa umebaki kama mfereji.

Binamu wa kwanza hufanya kazi kwenye mashua ya watalii. Sauti yake ni nene, ya kutoka kifuani, na kila siku ya Mungu anatakiwa kuitumia kuimba "Jambo Bwana". Wimbo huo ni wa Teddy Kalanda Harrison na Them Mushrooms, wa hapa hapa Pwani. Ulitoka 1982, mwaka uliofuata Boney M wakautolea toleo lao, na tangu hapo hakuna mtalii anayekubali kushuka chomboni bila kuimbiwa. "Mimi naupenda," akaniambia, "lakini si mara nne kabla ya adhuhuri." Wa pili anasomesha madrasa jioni, na asubuhi anauza mafuta ya boti kwenye madumu. Hana sauti, na hilo analisema mwenyewe bila kuona haya.

Walilelewa nyumba moja, wakapiga dufu pamoja kwenye maulidi, na kasida ndiyo shule yao ya kwanza. Lakini kutunga pamoja kulianzia harusini. Dada yao aliolewa Vanga, mama zao wakataka wimbo wa kumtoa, na kila mmoja alikuwa na nusu ya kitu. Mwalimu akanieleza hivi: "Mimi nilikuwa na daftari, huyu alikuwa na mdomo."

Hata sasa wanafanya kazi hivyo hivyo. Wa mashua anapata sauti akiwa majini, anaimumunya kwenye simu, mashine ya boti ikinguruma nyuma yake, anaituma. Mwalimu anaisikiliza usiku na kuhesabu mizani kwa vidole. Midundo wanaitengeneza kwa programu ya simu, na hapo wana ugomvi wao wa kudumu, kwa kuwa programu hiyo ukiifungua inakupa mapigo ya nne nne, na chakacha inataka sita. Wa mashua anataka chakacha, mwalimu anataka ngoma ya sengenya ya Kidigo isikike chini yake. Walinichezea zote mbili. Kwa sikio langu sengenya inashinda, ingawa sikuulizwa.

Siku hiyo walikuwa wanatengeneza kiitikio kipya. Mwalimu alikuwa ameandika:

Yakijaa nisubiri, yakipwa mi nitakuja.

Nane kwa nane, safi kabisa. Wa mashua aliusoma, akacheka, akamwonyesha mkondo mbele yetu. "Ndugu yangu, nitakuja na nini? Maji yakipwa chombo kinakaa matopeni."

Mwalimu akajitetea. Yeye alimwaza mtu anayekuja kwa miguu. Kwa mtu wa nchi kavu, maji yakipwa ndipo njia inafunguka: kina mama wanatoka kutafuta chaza, watoto wanachokoa pweza, unakwenda mbali bila kulowa magoti. Kwa mtu wa chombo ni kinyume chake. Wakabishana kwa muda wa chai nzima, mpaka mzee aliyekuwa anashona wavu akauliza bila kuinua kichwa, "Wanangu, anayeimba ni nani?"

Anayeimba ni nahodha. Mwalimu akachukua kalamu:

Yakipwa we nisubiri, yakijaa nitakuja.

"Mi" ikawa "we", maji yakabadilishana nafasi, na vina vyote viwili vikabaki mahali pake. Wa mashua akauimba papo hapo, na sasa ulikuwa na ahadi ndani yake ambayo wa kwanza haukuwa nayo.

Mombasa tuliyazoea haya zamani, mmoja atunge na mwingine aimbe. Juma Bhalo alijaza kumbi za harusi kwa sauti yake, na nyimbo zake nyingi zilikuwa tungo za binamu yake, Ahmad Nassir, mshairi wa "Malenga wa Mvita". Mmoja alibaki na kalamu, mwingine akachukua lahani, mara nyingi za filamu za Kihindi, na hadhira haikuona ajabu kumsifu mshairi ambaye hakupanda jukwaani. Vijana wa leo wanadaiwa kila kitu kwa pamoja: atunge, aimbe, acheze, awe na sura.

Ndivyo walivyoambiwa studio moja ya Ukunda. Mtayarishaji aliusikiliza wimbo, akaupenda, akamwita wa mashua pembeni. Akamwambia aje kurekodi peke yake, soko linataka sura moja, huyu mwenziwe haimbi na chumba ni kidogo.

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nilimuuliza bei yake ni ya mtu mmoja au wawili. Akasema mmoja. Nikamwambia sawa, tutalipa ya mmoja."

Wakaenda wote wawili. Mwalimu aliketi kwenye ndoo nyuma ya mlango, na kila mizani ilipozidi alibisha.