Deni la Mwaka wa Tano

Garsen, Tana River

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mashine yako ya kukoboa mpunga imeanza kazi. Mama yako amenieleza na masharti ya mkopo: Sh600,000 bila riba, zilipwe zote kwa mkupuo mwaka wa tano. Hapo ndipo penye neno langu. Deni lisilobisha hodi kila mwezi humsahaulisha mtu.

Itazame serikali yetu. Mwaka 2014 ilikopa nje kwa kuuza hati za Eurobond, na dola bilioni 2 zikawa za kurudishwa Juni 2024. Wakati inakopa, dola moja ilikuwa kama shilingi 87. Januari 2024 ilipita 160. Mwezi uliofuata ikakopa upya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu kubwa ya deni lile. Riba ya deni la zamani ilikuwa asilimia 6.875, ya deni jipya asilimia 9.75. Anayefika siku ya kulipa mikono mitupu hapangi bei, hupangiwa.

Najua utasema, "Mjomba, nitauza ng'ombe." Katika ukame wa 2021 na 2022 uliyaona mwenyewe mazizi ya Tana River. Waliowahi kuuza waliuza mifupa. Ng'ombe hufa kwa ukame, deni halifi.

Basi weka akiba ya kulipa: Sh600,000 kwa miaka mitano ni Sh120,000 kila mwaka. Usizigawe sawasawa kwa miezi, maana mto haututendei hivyo. Toa kwa wingi mpunga unapovunwa na msimu wa embe, ili mafuriko yakikata barabara uwe umeshatanguliza. Toa kabla ya dizeli ya safari, kabla ya harusi, kabla ya michango.

Fedha hizo zisikae kwenye simu. Fungua akaunti ya peke yake kwenye sacco, saini ziwe mbili, yako na ya mkeo. Zikifika Sh50,000 unaweza kununua hati ya serikali kupitia Benki Kuu. Chagua inayoiva kabla ya deni lako. Vipuri vya mashine viwekee akiba nyingine, usichanganye.

Anza na mavuno haya, hata kama ni kidogo. Ukilipa siku ile bila kuuza mashine, aliyekuamini wewe atamwamini na mdogo wako akienda kukopa.

Mjomba wako akupendaye.