Kutoka Subukia Hadi Luthuli Kutafuta Kikaangio cha Hewa

Gari la alfajiri likitoka Subukia huanza kwa kupanda. Bonde letu lina kuta, na kulitoka ni lazima ukwee kona baada ya kona hadi Bahati, masikio yakiziba njiani. Nilikaa dirishani na pesa za chama zimefungwa kwenye leso. Maili Kumi ikapita, Menengai ikajitokeza upande wa kulia, kisha tukashuka Nakuru. Huko nakujua kama jikoni kwangu. Nairobi, nilikokuwa nikielekea, nilikuwa naijua kwa redio na picha tu.

Nilikuwa natafuta kikaangio cha hewa. Kwetu chipsi hupikwa kwa sufuria ya mafuta yanayotokota, na nyumba ya watu saba humaliza mafuta upesi. Niliposikia kwamba kuna chombo kinachokaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta, sikuamini. Nilitaka kukiona kikiwaka kabla ya kutoa hata shilingi.

Baada ya Nakuru macho yangu hayakupumzika. Ziwa Elmenteita lilipita kuume, halafu Naivasha, halafu mlima Longonot na kilele chake kilichobonyea. Tulipopanda ukingo wa Bonde la Ufa baridi iliingia ndani ya gari, na pale Soko Mjinga nikaona viazi vimepangwa ndoo kwa ndoo kando ya barabara. Viazi hivyo vilinifariji: nchi ilikuwa bado ni ile ninayoifahamu. Lakini tulipofika Westlands, juu ya vichwa vyetu palikuwa na barabara nyingine! Ni ile ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27, kuanzia hapo hadi Mlolongo, na sehemu yake imebebwa na nguzo nene. Niliinua shingo nikitazama magari yakipita juu, hadi abiria mwenzangu akacheka kwa upole na kuniambia, "Mama, hata mimi siku ya kwanza nilifanya hivyo."

Binti wa dada yangu alinipokea karibu na River Road. "Anti, shika mkoba kwa mbele," akasema, nasi tukaingia barabara ya Luthuli. Imepewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960. Mtu wa amani, na barabara yake ina kelele za kila namna: spika zimewekwa mlangoni zikishindana, runinga zimewashwa ukuta mzima, vijana wakiita wateja. Nilipenda. Siku ya soko kwetu ina kelele pia, ila za kwetu hunyamaza jioni.

Dukani vikaangio vilijaa rafu nzima: Philips, Ramtons, Von, Mika. Muuzaji, kijana mwenye subira, alinieleza kwamba Philips ndiyo iliyokitambulisha chombo hiki mjini Berlin mwaka 2010, kwa ubunifu wa Mholanzi aitwaye Fred van der Weij. Akavuta droo, akaninyanyulia chombo nichungulie ndani. Juu kuna koili inayowaka nyekundu, na nyuma yake feni. Feni husukuma joto lizunguke chakula pande zote na kupita kwenye matundu ya kikapu. Hapo nikaelewa: ni ule upepo mkavu wa Januari unaokausha mahindi juu ya turubai, isipokuwa huu umefungiwa ndani ya ndoo na kutiwa moto.

"Nyumbani mko wangapi, mama?"

Nikamwambia. Akaondoa mbele yangu vile vidogo vya lita nne, ingawa ndivyo vilivyokuwa bei nafuu. Kikapu kikijazwa, alisema, upepo haupiti na viazi vya katikati vinakuwa laini kama vimechemshwa. Kidogo kingenilazimu kupika mikupuo mitatu huku wa kwanza wakisubiri wa mwisho. Swali la stima nililiuliza mimi. Kile cha lita nane kilikuwa na wati 1,500. Kikiwaka dakika 20 mfululizo kinakula nusu yuniti ya tokeni. Lakini akanionya nichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba, maana waya wake hupata moto.

Vingine vilikuwa na kioo cha kugusa chenye picha za samaki na keki. Vinavutia sana. Nilichukua chenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha joto na kingine cha dakika, kwa sababu mama mkwe naye atakitumia na macho yake hayaoni maandishi madogo. Hilo kwangu lilikuwa na uzito kuliko urembo wote wa kioo. Kijana akakiwasha mbele yangu, akaandika risiti, akanikumbusha nisikisugue kikapu kwa waya.

Nyumbani nilikata viazi aina ya Shangi, nikaviloweka kutoa wanga, nikavikausha kwa kitambaa na kuvipaka kijiko cha mafuta. Nyuzi 180, nikivitikisa katikati. Nje vilikwaruza, ndani vikawa unga. Ladha si ile ya kibandani, na sitamdanganya mtu. Ni nyepesi zaidi, na sasa naipenda. Kuku ndiye aliyenifurahisha kupita vyote: ngozi ilikauka vizuri na mafuta yake mwenyewe yakachuruzika chini ya kikapu. Bajia hapana, rojo lake hudondoka kwenye matundu kabla halijashika. Githeri na chapati zimebaki mekoni.

Mama mkwe alitaka kujaribu mahindi mabichi. Tukayakata vipande ili yaingie, yakaiva na kupata rangi. Akatafuna taratibu, akasema ni matamu lakini hayana moshi, basi mahindi atachoma yeye kwa makaa, na kuku aachiwe feni.