Picha za Ukutani Mjini Paris

Umewahi kuona herufi zilizopigwa rangi kwenye gunia la kahawa? Herufi hizo hukatwa kwanza kwenye bati au karatasi ngumu. Kisha karatasi huwekwa juu ya gunia na kupakwa rangi. Ukiiondoa, herufi zinabaki.

Sasa twende Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Panda kilima cha Butte-aux-Cailles. Njia zake ni nyembamba. Kwenye kuta utaona picha za wanawake, za rangi nyeusi. Kando ya picha pana maneno machache. Yanachekesha, tena yanafikirisha.

Mwanamke aliyezichora alijiita Miss.Tic. Alianza mwaka 1985, kwa njia ile ile ya gunia. Alitumia rangi ya kopo la kupuliza.

Lakini ukuta una mwenyewe. Alishtakiwa, akatozwa faini. Baada ya hapo alipiga hodi kwanza na kuomba ruhusa. Mwaka 2011 posta ya Ufaransa ilitoa stempu zenye picha zake. Alifariki mwaka 2022.

Je, ukuta wa shule ya kijiji chenu ni mtupu? Kateni karatasi, tafuteni rangi. Ila ombeni ruhusa kwanza.