Tarehe za Vuli

Kamusi zetu zina ujanja mmoja. Ukitafuta neno la Kiswahili la yale majira ya Ulaya ambapo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, utapewa "vuli". Lakini mtu wa Morogoro akisikia vuli hafikirii majani makavu. Anafikiria mvua za Oktoba hadi Desemba, mbegu za mahindi, tope la njiani, na mama anayepiga kelele nguo zianuliwe kambani. Kwao miti inavua, kwetu mashamba yanavaa. Miezi ni ileile.

Naanza na hilo kwa sababu wapenzi wa muziki wa roki duniani wana kalenda yao, na kalenda hiyo imejaa miezi ya vuli kuliko unavyoweza kudhani. Mimi ni mmoja wa wapenzi hao, na chuoni hapa tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hosteli yetu ina watu wa singeli, wa bongo fleva, wa amapiano, na jirani mmoja wa kwaya saa kumi na moja alfajiri. Nikifungulia gitaa la kelele kidogo tu, ukuta unagongwa: "We mwalimu mtarajiwa, zima hayo mashetani yako!" Basi nachomeka spika za masikioni, maisha yanaendelea.

Hebu hesabu nami. Tarehe 5 Oktoba 1962 The Beatles walitoa Love Me Do, santuri iliyowatambulisha Uingereza. Tarehe 26 Septemba 1969 hao hao wakatoa Abbey Road. Tarehe 12 Septemba 1975 Pink Floyd wakatoa Wish You Were Here, na tarehe 24 Septemba 1991 vijana watatu wa Nirvana wakatoa Nevermind. Hapo hakuna muujiza wowote, ni biashara. Kampuni za muziki zilitaka santuri ziwe zimezoeleka masikioni kabla ya Krismasi, wakati watu wa huko wananunuliana zawadi. Vuli ni msimu wa mavuno kwao pia, ila wanavuna mifuko ya wateja.

Vifo ndivyo visivyo na maelezo ya namna hiyo. Jimi Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba 1970. Siku 16 baadaye, tarehe 4 Oktoba, Janis Joplin akafariki Los Angeles. Wote wawili walikuwa na miaka 27. Tarehe 20 Oktoba 1977 ndege iliyobeba bendi ya Lynyrd Skynyrd ilianguka Mississippi, siku tatu tu baada ya albamu yao mpya kutoka. Tarehe 25 Septemba 1980 mpiga ngoma wa Led Zeppelin, John Bonham, alikutwa amekufa akiwa na miaka 32, na kabla mwaka haujaisha wenzake walitangaza kwamba bendi imekwisha, bila yeye hawaendelei. Huo uamuzi huwa unanigusa kuliko nyimbo zao, nikisema kweli.

Mimi nasoma ualimu, Historia na Kiswahili, kwa hiyo tarehe ndizo chakula changu. Lakini tarehe ya kwenye desa unaikariri usiku wa mtihani na kufikia mchana wa siku ya pili imeshakutoka. Kumbukizi ni kitu kingine kabisa, kwa sababu kuna mtu anaamka siku hiyo, anavaa, anatoka kwenda mahali. Kila tarehe 9 Oktoba, siku aliyozaliwa John Lennon mwaka 1940, watu hukusanyika kwenye bustani ya Central Park mjini New York, wanaimba. Wanarudi tena tarehe 8 Desemba, siku aliyopigwa risasi mwaka 1980, karibu kabisa na hapo. Hakuna serikali inayowalazimisha wala posho wanayopewa.

Sasa nije kwa mtu wetu. Nasema wetu nikijua kuna watakaonuna.

Farrokh Bulsara alizaliwa mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Waparsi waliotoka India. Baba yake, Bomi, alifanya kazi ya fedha mahakamani chini ya serikali ya Waingereza. Mtoto alianza shule Unguja, akapelekwa bweni Panchgani, India, akiwa na miaka minane hivi, huko ndiko wenzake walianza kumwita Freddie. Alirudi nyumbani akiwa kijana, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Alikuwa na miaka 17. Miaka sita baadaye yupo kwenye bendi iitwayo Queen, na jina lake limekuwa Freddie Mercury.

Mwaka huu wa 2026 ni wake kwelikweli. Tarehe 5 Septemba ametimiza miaka 80 tangu azaliwe, tarehe 24 Novemba inatimia miaka 35 tangu afariki, na mwaka jana, tarehe 31 Oktoba, wimbo wake wa Bohemian Rhapsody ulifikisha nusu karne. Ni wimbo wa dakika karibu sita ambao wakubwa wa muziki walidhani hakuna redio itakayoupiga kwa urefu huo. Ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Wakati wa kuurekodi, sauti zilipandishwa juu ya sauti kwenye utepe mara nyingi kiasi kwamba utepe ulichakaa ukaanza kupitisha mwanga. Na katikati yake kuna neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulitamka kabla hajatia tonge mdomoni. Niliwahi kumsikilizisha rafiki yangu wa Pemba, tunasoma naye. Lilipofika neno hilo alichomoa spika sikioni. "Hee! Kasema nini huyu?" Akairudisha nyuma mara tatu.

Darasa letu lilikwenda Zanzibar kwa ziara ya mafunzo, na tulipopewa saa mbili za kuzurura nilikwenda Shangani kuiona ile makumbusho yake. Ilifunguliwa tarehe 24 Novemba 2019, wameichagua siku ya kifo makusudi. Nje walikuwa wamejaa wageni wanaopigana picha. Wenzangu walipita wakiniuliza kama huyo mwenye masharubu ni mwigizaji. Si ajabu. Katika shule zote nilizosoma sijawahi kusikia jina lake likitajwa, na vitabu vya Historia nitakavyokuja kufundishia havina mstari wake hata mmoja. Mwaka 2006, alipokuwa afikishe miaka 60, sherehe iliyopangwa Zanzibar ilipingwa vikali na kundi la Uamsho kwa sababu ya namna alivyoishi, kwamba alikuwa na uhusiano na wanaume. Naelewa kwamba kila jamii ina watu inaowakumbuka kwa sauti na wengine inaowakumbuka kimyakimya. Swali langu ni kuhusu hicho kimya, maana kwake kilikuwa na sura mbili.

Sura ya pili ni hii. Kwa muda mrefu magazeti ya Uingereza yalimvizia, yakipiga picha jinsi anavyokonda. Yeye na watu wake walinyamaza. Jioni ya tarehe 23 Novemba 1991 ikatoka taarifa kwamba amepimwa na ana UKIMWI, na kwamba alikaa kimya kulinda faragha ya walio karibu naye. Tarehe 24 Novemba akafariki nyumbani kwake Kensington, London. Alikuwa na miaka 45. Wapenzi wake waliujua ukweli kwa siku moja tu.

Simlaumu. Mwaka ule neno hilo lilikuwa hukumu kila mahali. Hata hivyo kuna aliyefanya tofauti, tena jirani zetu hapa. Philly Lutaaya, mwanamuziki Mganda aliyekuwa akiishi Sweden, alijitangaza mwaka 1989 kwamba ana virusi, akarudi kwao, akazunguka kwenye mashule na makanisa akizungumza na watu uso kwa uso huku wengine wakisema anatafuta umaarufu. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, kwenye vuli yetu. Na hapa Dar, Remmy Ongala alitunga Mambo kwa Soksi, wimbo wa kondomu, Redio Tanzania ikakataa kuupiga. Watu wakaujua hivyohivyo. Ukiniuliza, Remmy alikuwa na roho ya roki kuliko nusu ya hao niliowataja juu.

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka huu, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alibaki nyuma baada ya kipindi. Alipanga madaftari yake taratibu mpaka darasa likaisha watu. Kisha akauliza: "Mwalimu, hivi mtu anaweza kunywa dawa kila siku maisha yake yote, na bado akawa mwalimu?" Nikamwambia anaweza, tena wapo. Akasema asante, akatoka. Hakuuliza zaidi, na mimi sikumuuliza dawa gani.

Lakini swali lake sikuweza kuliacha pale shuleni. Nililipanda nalo basi hadi nyumbani.

Roki mimi sikuikuta mtandaoni. Niliikuta kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Mjomba wangu alikuwa fundi redio Morogoro, na mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha karibu na hapo, siku anaondoka, alimwachia boksi la kaseti. Queen wamo, Hendrix yumo, na kaseti moja ya Remmy aliyoinunua mwenyewe. Pembeni ameandika majina ya nyimbo kwa kalamu ya wino, herufi zimesimama kama askari. Mjomba alifariki nikiwa na miaka miwili. Nimekua nikiambiwa aliumwa kwa muda mrefu, na kwa jinsi sentensi hiyo ilivyokuwa ikitamkwa nyumbani, ilikuwa na nukta nyuma yake. Huongezi kitu.

Safari hii nilimkuta mama barazani anachambua mchele. Nikakaa, nikachota na mimi kidogo kwenye ungo.

"Mama, hivi mjomba aliumwa nini?"

"Si aliumwa muda mrefu."

"Muda mrefu siyo ugonjwa, mama."

Aliendelea kutoa mawe. Nilidhani ameamua kutonijibu, na ningemwelewa. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Dawa zilikuwepo. Watu husema enzi hizo dawa hakuna, waongo, zilishakuja. Zilikuwa za bure. Aliogopa lile benchi."

Benchi gani? Akanieleza. Wagonjwa wa CTC walikuwa wakisubiri nje, kwenye benchi lililotazamana na njia, na njia hiyo ndiyo wanayopita watu wote wa sokoni. Wateja wake, mafundi wenzake, watu wa kwaya. Mjomba alifika hadi getini mara mbili, mama akiwa amemshika mkono, na mara zote mbili alisema turudi, tutakuja kesho. Serikali ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004. Yeye alifariki tarehe 19 Novemba 2006, siku ya Jumapili, mvua ikinyesha. Tarehe mama aliitaja haraka, kama mtu anayetaja namba ya simu yake mwenyewe.

Tulifanya arobaini, akasema, baada ya hapo basi. Hakuna aliyewahi kuitaja siku hiyo tena. Nikamwambia mwezi wa kumi na moja inatimia miaka 20. Alisimamisha mkono kwenye ungo. "Ishirini?" Akanyamaza. Halafu akasema ataongea na katekista, ajue misa ya kumbukumbu inaandikishwaje, na jina lake lisomwe lote, na la ubatizo. Ugonjwa hautasomwa, hiyo haisomwi kwa mtu yeyote, lakini watoto wa ukoo wakiuliza yeye atawaambia. Kisha akaniuliza kama Dar bado kuna mahali zinapatikana redio za kaseti, maana ya mjomba ilishauzwa.

Zipo, kama unajua pa kutafuta. Kariakoo nimempata mzee mmoja mwenye redio kaseti tatu juu ya kabati, zote mbovu. Moja amesema inatengenezeka, kichwa chake bado kizima, tatizo ni mpira unaozungusha, umelegea, kaseti inaimba kama mtu anayesinzia. Nilimpelekea ile ya Queen aijaribie. Aliigeuza, akasoma mwandiko wa pembeni, akauliza nani fundi aliyeandika hivi.

"Mjomba wangu," nikasema.

"Ni fundi kweli. Angalia, ameandika mpaka dakika." Boom likiingia nimlipe nusu. Amesema nirudi Jumamosi.