Kuiweka Mashua Wakati wa Kusi



Mwaka juzi mashua yetu ilikwenda baharini mara chache tu. Masika yalipokaribia twalisema, "Haikuchoka, ya nini kuihangaikia?" Twaliivuta mchangani, tukaiacha wazi. Kusi ilipopungua twaliishusha, tukapakia watoto watatu wa shule tuvuke hori. Katikati ya maji kalafati ikafumuka. Twalifua maji kwa upo na kwa mikono, mtoto mdogo akimlilia mamaye, hata tukafika maji ya magotini. Twaliona haya mbele ya wazazi wao.

Kumbe chombo kikikaa bure, jua huzikausha mbao zikanywea, na maji ya mvua yaliyotuama ndani huozesha mataruma. Basi mwaka huu twaliikwangua makome, tukaiosha kwa maji ya kisima. Palipokuwa na nyufa twalikalafati kwa pamba iliyotiwa mafuta, tukazipaka mbao sifa. Twaliilaza juu ya magogo, tukaing'oa nguruzi ili maji yapate kutoka, tukaifunika makuti. Tanga twalianika likauka kabisa, tukalitundika darini. Deheni, yaani chokaa na shahamu, tutapaka chini karibu na siku ya kushusha, wadudu wa baharini wasije wakatoboa mbao.

Ilikuwa kazi ya siku mbili tu. Ndugu mwenye chombo, usihesabu safari kilizokwenda; wahesabu watu watakaopanda.