Baiskeli ya umeme kwenye milima ya Kabanga: Nini kipimwe kabla fedha haijatoka

Ukiandika "Kabanga" na "betri" kwenye simu, majibu mengi yatakupeleka Ngara, mkoani Kagera. Huko ndiko iliko Kabanga yenye akiba kubwa ya nikeli, madini yanayotumika katika baadhi ya betri za magari na baiskeli za umeme.

Kabanga ya habari hii ni nyingine. Iko Kasulu, mkoani Kigoma, kwenye nyanda za juu za Waha, mahali penye udongo mwekundu na migomba, na njia zinazopanda na kushuka. Wengi nchini wanaifahamu kwa hospitali yake ya misheni na chuo cha uuguzi, kwa chuo cha ualimu, na kwa shule ya msingi iliyowapokea watoto wengi wenye ualbino katika miaka ile ya mashambulizi dhidi yao.

Asubuhi, watu wakiwa bado wanapeana "mwakeye", barabara ya kwenda Kasulu mjini huwa tayari imejaa. Wapo wanafunzi wenye sweta, walimu, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku na bodaboda zilizobeba abiria wawili. Katikati yao hupita baiskeli zenye mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa au madumu ya mawese.

Mgeni akitazama vizuri ataona jambo moja. Baiskeli nyingi zinazokwenda sokoni hazipandwi. Zinasukumwa. Mwenye mzigo hushika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono mwingine, akainama na kupandisha kilima hatua kwa hatua. Kupanda juu ya baiskeli ni kwa ajili ya mteremko.

Ndiyo maana habari za baiskeli ya umeme zimepokelewa hapa kwa hamu na kwa shaka pia.

Picha iliyotumwa kutoka Dar

Katika nyumba moja ya Kabanga, habari hizo ziliingia kupitia WhatsApp. Mama wa nyumba hiyo ni muuguzi anayefanya kazi mjini, na mumewe ni mwalimu. Wana watoto wawili, na mdogo yuko chekechea iliyo njiani kwenda kazini kwa mama. Dada yake aliyeko Dar es Salaam alimtumia picha ya baiskeli ndogo ya umeme, yenye magurudumu madogo na inayokunjwa katikati.

"Nyepesi, dada yangu. Unaibeba kama begi," aliandika.

Mama alimwonyesha mumewe. Mume aliitazama picha kwa muda, kisha akasema, "Baba yako akiuliza bati za nyumba ziko wapi, utamwonyesha hicho kibaiskeli?"

"Baba watoto, kila siku nalipa bodaboda kwenda na kurudi. Hizo nazo si bati?"

Wote wawili walikuwa na hoja. Fedha iliyopo ni moja, na ilitengwa kwa paa. Lakini nauli ya bodaboda hutoka kila siku ya kazi. Zamu ikiisha usiku, mama huondoka na dereva yeyote aliyepo kijiweni, mara nyingi bila helmeti ya abiria. Akiwa muuguzi, anajua mguu uliovunjika kwa ajali ya pikipiki unavyoonekana.

Siku ya Jumamosi walikwenda mjini kumwona fundi baiskeli, mzee ambaye amekaa chini ya mwembe mmoja kwa miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Pancha au breki?"

Walimwonyesha picha. Mzee alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili. Hakuuliza bei wala mwendo kasi. Aliuliza, "Mama, betri ikiisha hapo kilimani, utaisukuma?"

Wepesi wa mjini na wepesi wa mlimani

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lenyewe. Katika miji mikubwa ya Ulaya, baiskeli nyepesi ya umeme husifiwa kwa sababu mtu anaibeba ngazi hadi ghorofani au anaingia nayo kwenye treni. Kabanga hakuna ghorofa wala treni ya kwenda kazini. Wepesi hapa una maana nyingine tatu: kuisukuma betri ikiisha, kuivusha kwenye tope la masika, na kuinyanyua ukutani na kuiingiza ndani usiku ili isiibwe.

Baiskeli za umeme zinazoitwa nyepesi huwa na kilo kati ya 14 na 18 hivi. Za kawaida hufika kilo 22 hadi 28. Tofauti hiyo ya kilo kumi haionekani dukani. Huonekana kilimani, saa moja usiku, mtoto akiwa amechoka na mvua ikikaribia.

Mara nyingi kinacholeta uzito huo ni betri. Betri ya risasi, jamaa ya ile ya gari, ni nzito sana. Kiasi cha umeme ambacho betri ya lithiamu ya kilo mbili na nusu au tatu inakihifadhi, betri ya risasi hukihifadhi kwa kilo kumi au zaidi. Ya risasi ni rahisi kununua, lakini haipendi kuishiwa kabisa, na hiyo ni tabia mbaya kwa mtu anayeishi juu ya kilima. Kwa hiyo muuzaji akisema tu "betri yake kubwa", mnunuzi aulize ni ya aina gani na ina kilo ngapi.

Hata magurudumu madogo ya ile ya kukunjwa yalimfanya fundi atikise kichwa. Gurudumu dogo huzama kwenye shimo ambalo gurudumu kubwa hulivuka. Barabara kubwa ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu imekuwa ikijengwa kwa lami, na hilo limebadilisha safari nyingi. Lakini mtu haishi kwenye barabara kuu. Anaishi mwisho wa njia ya udongo.

Kilima kinakula betri

Matangazo husema baiskeli inakwenda kilomita 50 au 60 kwa chaji moja. Huenda ni kweli, kwenye tambarare, kwa mtu mwepesi anayepiga pedali mwenyewe. Milimani hesabu ni nyingine.

Chukua betri ya volti 36 yenye ampea-saa 10. Ukizidisha unapata wati-saa 360. Sasa chukua mama wa kilo 60, mtoto wa kilo 15, baiskeli ya kilo 20 na begi la kilo 5. Jumla ni kilo 100. Kupandisha kilo 100 kwenye kimo cha mita 100 kunahitaji takribani wati-saa 27 kwa hesabu ya fizikia tupu. Ukiongeza umeme unaopotea kwenye mota, zinafika kama 35 au 40. Maana yake, kila mita 100 za kupanda zinakula karibu sehemu moja ya kumi ya betri, ikiwa mama hapigi pedali kabisa.

Akipiga pedali, betri hudumu zaidi. Na hapo afya nayo inaingia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mama anayeendesha dakika 20 kwenda na 20 kurudi, siku tano, anafikisha 200 bila kutafuta muda wa ziada. Lakini ni lazima miguu ifanye kazi. Zipo baiskeli za umeme zinazokwenda kwa kuzungusha mkono tu kama pikipiki, na zipo ambazo mota husaidia pale mwendeshaji anapopiga pedali. Barani Ulaya, baiskeli ya kawaida ya umeme ni hii ya pili. Mota yake haizidi wati 250, na huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Kwa mzazi mwenye mtoto nyuma, mwendo huo unatosha.

Mahali mota ilipo nako ni muhimu. Mota iliyo kwenye pedali hutumia gia za baiskeli, hivyo hupanda kilima bila kuhangaika sana, ila bei yake ni kubwa na hula mnyororo upesi. Mota iliyo katikati ya gurudumu ni rahisi zaidi, lakini hupata joto kwenye mwinuko mrefu. Yeyote atakayechagua hii ya pili ahakikishe baiskeli ina gia.

"Mama, usiniulize inapandaje," mzee alisema. "Niulize inasimamaje."

Alikuwa anazungumzia mteremko. Baiskeli yenye mota, mtoto na mzigo inashuka kwa nguvu kuliko ile ya kawaida. Breki za diski hushika vizuri hata kwenye mvua na tope, na pedi zake ziwe za aina inayopatikana madukani.

Umeme, chaja na usingizi wa watoto

Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Gridi ya Taifa imefika miaka ya karibuni, na bila hiyo mazungumzo haya yasingekuwa na maana kwa familia nyingi. Kujaza betri ya wati-saa 360 kunakula chini ya nusu uniti. Hata kwa mteja wa bei ya kawaida ya matumizi ya nyumbani, hiyo haifiki shilingi 200. Kwa chaja ndogo ya ampea mbili, kazi huchukua kama saa tano, kwa hiyo umeme ukikatika saa mbili usiku, safari ya asubuhi iko mashakani.

Kigali, mji mwingine wa milima, una njia yake ya kukwepa tatizo hilo. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme huko mwaka 2019, na dereva hasubiri chaji: anaingia kituoni, anaacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Kabanga haina kituo cha namna hiyo. Kwa hiyo betri inayochomoka kwenye baiskeli ni bora, ili ichajiwe kazini au kwa jirani mwenye umeme wa jua.

Lipo jambo ambalo mzazi asilipuuze. Betri ya lithiamu iliyoharibika, iliyoingia maji au iliyochajiwa kwa chaja isiyo yake inaweza kuwaka moto ghafla, na moto wake ni mgumu kuzima. Isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala kwenye chumba cha watoto, wala karibu na mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea. Ikichajiwa, iwe kwenye sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia. Ikivimba au kunuka, itolewe nje, na isiguswe tena na chaja.

Na wale wanaotegemea ndugu aliyeko Dubai au Muscat aje nayo kwenye ndege, wajue mapema kuwa betri yenye zaidi ya wati-saa 160 hairuhusiwi kwa abiria. Karibu zote za baiskeli zinazidi hapo. Husafirishwa kama shehena ya bidhaa hatari, kwa mfano kwa meli.

Mguu wa mtoto

Kabla hawajaondoka, mama aliuliza juu ya kiti cha mtoto. Mzee alichukua kipande cha wavu wa waya na kukiweka pembeni ya gurudumu la nyuma.

"Hiki kwanza," alisema. "Kiti baadaye."

Mama alielewa mara moja. Mtoto anayekaa kwenye keria bila kinga huingiza kisigino kwenye spoku, na gurudumu linalozunguka huchana ngozi na wakati mwingine kuvunja mfupa. Baiskeli yenye mota haitasimama kwa sababu mguu umenasa. Kinga ya spoku, mahali pa kuweka miguu, mkanda na helmeti inayomtosha mtoto havihitaji umeme, na vinafaa hata kwa baiskeli ya kawaida.

Kisha mzee akapendekeza jaribio. Aliwaazima baiskeli yenye gia, akafunga kwenye keria mfuko wa mchanga wa kilo kumi. "Nenda nayo nyumbani leo. Ukifika kilimani, shuka, usukume. Kesho itoe mchanga, usukume tena."

Jumamosi, mama alisimama mara tatu kabla ya kufika kwenye mgomba wa jirani. Jumapili alipita bila kusimama. Mumewe alikuwa nyuma yake akimshika mtoto mkono, na safari hii hakutaja bati.

Hawajanunua bado. Fedha ya paa ipo mahali pake. Kilichotoka nyumbani ni bei ya helmeti mbili na kinga ya spoku, vilivyofungwa kwenye baiskeli ya zamani ya baba. Kwa dada wa Dar kilikwenda kipande cha karatasi kilichopigwa picha, chenye maswali saba: Ina kilo ngapi pamoja na betri? Betri ni ya lithiamu, na inachomoka? Ina wati-saa ngapi? Ina gia? Breki ni za diski? Betri ikifa baada ya miaka mitatu, nyingine inapatikana wapi na kwa bei gani? Keria yake inabeba kilo ngapi?

Dada alijibu jioni ile ile. "Mbona muuzaji anajua jibu la swali moja tu, la bei?"

Mama aliweka simu chini, akaendelea kumenya ndizi. Muuzaji mwingine atatafutwa. Asubuhi iliyofuata alimpandisha mtoto kwenye keria, akamfunga mkanda, akamvalisha helmeti, na kwenye mteremko wa kwanza akajaribu breki kabla ya kuachia.