Zima Hiyo Simu

Dadangu alikuwa amejikunja kitandani, magoti yamefika kidevuni, na mimi nilikuwa natafuta mwanga mzuri. Nilisogeza pazia kidogo, nikashika simu kwa upana vile tulifunzwa kwenye warsha moja ya bure, nikabonyeza. Akafungua jicho moja.

"Bro, zima hiyo simu."

Wacha nieleze nilifikaje hapo. Kuna jamaa wa kutengeneza filamu alikuwa anatafuta familia zinazoishi na selimundu, ile siko seli, na alikuwa analipa. Mimi huishi kwa vibarua vya kuandika: leo makala ya mikopo, kesho maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni. Pesa yake ingenilipia kodi ya miezi miwili. Usiku mmoja tu nikamwandikia kurasa mbili.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetazama dokumentari wiki nzima ili nionekane najua kitu. Iliyonishika ni moja fupi ya dakika 14, The Making of the Fittest, iliyotoka 2011. Ndani yake kuna mzee, Tony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya. Mwaka wa 1949 alizunguka nchi hii akikusanya damu za watu. Karibu na Pwani na karibu na Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya watu 20 katika kila 100 wana jeni ya selimundu. Huko juu kwenye baridi, hata mmoja kwa mia ilikuwa shida kumpata. Jibu lilikuwa mbu. Ukirithi hiyo jeni kutoka kwa mzazi mmoja, malaria kali hupata kazi ngumu kukuua. Ukiirithi kutoka kwa wote wawili, chembe nyekundu za damu yako hujipinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na pale damu inapokosa kupita ndipo maumivu yanaanza.

Kwetu ni Siaya. Baba na Mama kila mmoja ana jeni moja, kwa hivyo kila mimba ya Mama ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Mimi nilipata jeni moja. Dadangu alipata mbili. Pale filamu inapolinganisha ramani ya malaria na ramani ya damu, nilisikia baridi. Malaria zote nilizougua likizo kwa nyanya, pengine nilipona kwa sababu ya kitu kilekile kinachomkunja dadangu kitandani. Nikaona hii ni hadithi, na ni yangu.

Kwa hivyo katika zile kurasa nikamfanya dadangu "shujaa anayetabasamu kwenye maumivu". Mimi nikajifanya kaka aliyeacha chuo mwaka wa tatu ili karo yake ilipe bili za hospitali. Kusema ukweli, nilifeli masomo mawili, nikaona aibu kurudi, nikaanza kulala mchana. Bili zilikuwepo, ndiyo. Mama alizilipa kwa mitumba na kwa chama, na bado alikuwa ananitafutia karo.

Jioni maumivu yalipopungua, dadangu akaitisha simu yangu. Video ilikuwa ya sekunde 11. Aliifuta, kisha akaingia kwenye pipa la simu akaifuta tena. Halafu akakuta zile kurasa. Alisoma polepole, mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni mimi nilikutoa shule?"

Nilisema ni mambo ya filamu tu, wanapenda hivyo. Hakunijibu. Alinyamaza muda mrefu hadi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Baadaye aliniuliza kama nimeandika kuhusu foleni. Kama nimeandika kuhusu yule daktari wa zamu aliyemwambia kwamba anajifanya mgonjwa kwa sababu anapenda dawa za maumivu. Chupa ya maji kila mahali, sweta tatu mwezi wa Julai, vidonge vya foliki kila siku, na haidroksiurea inayohesabiwa kimoja kimoja pesa ikikatika. Bosi wa saluni anayemkata siku alizolazwa. Sikuwa nimeandika hata moja. Wala sikuandika kwamba yeye ni mchoyo wa chipsi, kitu kinachojulikana na ukoo mzima.

Wiki iliyofuata nilimwekea filamu nyingine, The Lion's Mouth Opens ya Lucy Walker, ya 2014. Marianna Palka, ambaye babake ana ugonjwa wa Huntington, anakula na marafiki usiku wa kuamkia majibu ya kipimo chake. Mtoto wa mtu mwenye Huntington ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi. Kamera iko pale hata anapoambiwa kwamba anao. Nilidhani dadangu atasema ni ukatili.

"Huyu ameamua mwenyewe," akasema, na akaomba turudishe pale mezani wanapocheka.

Nilimwandikia yule jamaa kwamba sina familia ya kumpa. Kodi nilichelewesha, mwenye nyumba akaongea vile wenye nyumba huongea.

Haya unayosoma, dadangu ameyapitia kabla yako. Alifuta aya mbili, na moja ilikuwa nzuri kweli. Alitaka na ile ya chipsi iondoke, lakini hapo nimekataa.